Kanuni za chuo kuhusu makosa ya kingono: namna ya kumsaidia aliyeumizwa bila kumnyima haki aliyetuhumiwa

Kamati ya chuo ikikaa kuandika kanuni za makosa ya kingono, hugawanyika mapema. Upande mmoja unasema wanafunzi wanaumia, wananyamaza, wanaacha masomo, na chuo kinawatazama tu. Upande wa pili unauliza: je, mtu akisingiziwa? Kikao cha kwanza huishia hapo, cha pili nacho vilevile, na mwishowe rasimu inaandikwa na yule mwenye sauti kubwa.

Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba zinabishana kana kwamba mzani ni mmoja, ukimwongezea huyu umempunguzia yule. Ukikaa chini ukaorodhesha anachohitaji aliyeumizwa, utaona sehemu kubwa haina uhusiano na kumtia mtu hatiani: matibabu, chumba kingine, mtihani uahirishwe, mtu wa kuzungumza naye. Ukiorodhesha haki za anayetuhumiwa, nyingi hazimpunguzii mlalamikaji chochote: kujua anatuhumiwa nini, kuuona ushahidi, kuamuliwa na watu wasio na upande. Mgongano wa kweli umebaki sehemu chache tu, nazo ni kusimamishwa kabla ya uamuzi, namna ya kuulizana maswali, kiwango cha uthibitisho, na siri. Huko ndiko nguvu ya kamati inakotakiwa kwenda.

Mwongozo huu ni kwa wanaoandika au kurekebisha kanuni hizo: wajumbe wa kamati, viongozi wa wanafunzi, maofisa wa nidhamu. Mifano mingi nimeitoa Marekani. Huko vyuo vinabanwa na sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na maelekezo yake yamepinduliwa mara kadhaa tangu 2011. Kila mara yalipopinduliwa kuna jambo tumejifunza. Sheria ya nchi yako ndiyo inayotangulia, kwa hiyo rasimu imfikie mwanasheria kabla ya kupitishwa.

Hatua ya 1: Tenganisha msaada na kesi

Kama kamati yako ina muda wa kufanya jambo moja tu, lifanye hili. Kanuni ziwe na njia mbili zisizotegemeana. Njia ya msaada haidai ushahidi, haidai jina la mtu, wala haidai malalamiko rasmi. Njia ya kesi ni pale chuo kinapotaka kumwadhibu mtu, na hapo lazima kithibitishe.

Kanuni za Marekani za 2020, ambazo watetezi wengi wa waathirika walizipinga vikali kwa sababu nyingine, ziliweka jambo hili vizuri. Hatua za msaada ni bure, anapewa aliyefungua kesi na asiyefungua, mlalamikiwa naye anaweza kuzipata, na hazitakiwi kuwa adhabu iliyofichwa.

Kwa vitendo, zinakuwa hivi: ushauri nasaha, kuhamishwa bweni, kubadilishiwa kundi la semina, kuongezewa muda wa kazi au kuahirishiwa mtihani, kusindikizwa usiku, na amri ya kutowasiliana inayowabana wote wawili. Kwenye karatasi zinaonekana rahisi. Chukua mfano. Wanafunzi wawili wako kundi moja la maabara, Jumanne asubuhi. Msichana ameripoti kwamba mwenzake alimshikashika kwa nguvu; kesi hataki, lakini hawezi kusimama naye meza moja. Nani ahame?

Ofisa aanze kwa kumuuliza msichana kama anataka kuhama mwenyewe. Asipotaka, aangalie kama mvulana anaweza kuhamishiwa kundi la Alhamisi. Ikiwa mwalimu ni yuleyule, vifaa ni vilevile na alama zinahesabiwa sawa, huo ni usumbufu, anaweza kuubeba hata mtu asiye na kosa. Ikiwa hakuna kundi jingine na kumtoa maana yake ni kurudia somo mwaka ujao, hiyo tayari ni adhabu, na adhabu haitoki bila kesi. Hapo itafutwe njia nyingine: meza mbili zilizo mbali, msimamizi wa maabara ajue hawapangwi pamoja bila kuambiwa sababu. Kipimo cha kumpa ofisa ni hiki: je, hatua hii inamwondolea mtu kitu ambacho hataweza kukirudisha?

Halafu weka kifungu cha kuwalinda wote: "Hatua ya msaada si kumbukumbu ya nidhamu kwa mtu yeyote, haitajwi kwenye matokeo wala barua ya utambulisho, na kutolewa kwake si dalili kwamba tuhuma ni za kweli." Anayezitoa awe ofisa mmoja anayejulikana kwa cheo, asiye mjumbe wa jopo la uamuzi. Akikataa ombi, aandike sababu.

Hatua ya 2: Ukurasa mmoja kuhusu saa za mwanzo

Kanuni nyingi zinaanza na tafsiri za maneno, ilhali mwanafunzi aliyebakwa saa sita zilizopita anahitaji kujua aende wapi. Weka ukurasa wa kwanza kwa ajili yake, kwa maneno mepesi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku tano, navyo hupungua nguvu kadiri muda unavyopita. Kama anafikiria kwenda polisi, ni vizuri asioge wala kufua nguo alizovaa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Kama ameshaoga, aende tu hospitali. Hajapoteza haki yoyote. Ujumbe wa simu usifutwe.

Andika wazi kwamba kupata matibabu hakumlazimishi kufungua kesi. Andika pia kwamba hataadhibiwa kwa makosa madogo yatakayojulikana kwa sababu ameripoti, kama vile kunywa pombe bwenini au kurudi baada ya geti kufungwa. Wengi hunyamaza kwa hofu hiyo hiyo. Msamaha huo wape na mashahidi, na mtuhumiwa pia. Usipofanya hivyo, hakuna atakayesema ukweli kuhusu usiku ule.

Hatua ya 3: Taja makosa kwa majina yake

"Mwenendo usiofaa" na "kuvunja maadili ya chuo" ni maneno ya kufuta. Yanawanasa wapenzi wawili walioshikana mikono na yanamponyoka mhadhiri mzoefu. Kila kosa liwe na vipengele vinavyoweza kuthibitishwa kimoja kimoja: kubaka, kushika mwili bila ridhaa, kusambaza picha za utupu, kumfuatilia mtu, maneno au vitendo vya kingono vinavyojirudia, na madaraka kutumika kudai ngono.

Hilo la mwisho lina jina linaloeleweka na kila mtu, rushwa ya ngono. Kosa likamilike pale ombi linapotolewa, mwanafunzi awe amekubali au amekataa, alama ziwe zimepanda au hazikupanda. Rasimu zinazosubiri "tendo" zinamkinga mwenye cheo.

Ridhaa iandikwe hivi: ni kukubali kwa hiari, kwa tendo hilo, kwa wakati huo, na inaweza kuondolewa wakati wowote. Kunyamaza si ridhaa. Kuwa mlikuwa wapenzi mwezi uliopita si ridhaa ya leo.

Kwenye ulevi ndipo rasimu nyingi huteleza. Ukiandika kwamba "aliyekunywa pombe hawezi kutoa ridhaa," basi wawili waliokunywa bia pamoja wote wamekosa, na jopo litachagua wa kumwadhibu kwa kumtazama usoni. Andika habari ya mtu aliyelewa kiasi cha kutoelewa kinachotendeka, na toa dalili zinazoshikika: hawezi kusimama bila kushikiliwa, anatapika, hajui yuko wapi, maneno yake hayaeleweki, amelala. Kisha ongeza kigezo cha upande wa pili: mlalamikiwa alijua hali hiyo, au mtu yeyote mwenye akili timamu na asiyelewa angeitambua akiwa mahali pake. Kulewa kwa mtuhumiwa kusiwe utetezi.

Hatua ya 4: Nani anatunza siri, nani lazima aseme

Mwanafunzi anamweleza mhadhiri anayemwamini. Kesho yake anaitwa ofisi ambayo hakuiomba, anakuta faili limeshafunguliwa. Hatamwamini tena mtu yeyote wa chuo, na rafiki zake wote watasikia habari hiyo.

Gawa watu katika makundi mawili na uwataje kwa vyeo. Wanaotunza siri: washauri nasaha, wauguzi na madaktari, viongozi wa dini wa chuo. Wanaowajibika kuripoti: wakuu wa idara, wasimamizi wa mabweni, walinzi, na wengine mtakaowachagua. Mimi sipendi utaratibu wa kumlazimisha kila mfanyakazi aripoti. Unajaza mafaili na kuwanyamazisha wanafunzi. Lakini mkiuchagua, wafundisheni wafanyakazi kusema maneno haya kabla mwanafunzi hajafika katikati ya habari yake: "Kabla hujaendelea, nikujulishe kwamba nikisikia jambo la aina hii natakiwa kumfikishia ofisa anayehusika. Ukitaka mtu ambaye hatalipeleka popote, twende kwa mshauri nasaha sasa hivi."

Chuo kinaweza kuendelea na kesi bila ridhaa ya mwathirika, ila kwa sababu chache zilizoandikwa: silaha ilitumika, mwathirika ni mtoto, mtu huyohuyo ameshalalamikiwa na wengine, au mlalamikiwa ni mfanyakazi mwenye madaraka juu ya wanafunzi. Hata hapo, mwathirika aambiwe kabla, asilazimishwe kutoa ushahidi, na msaada wake uendelee.

Na liko jambo ambalo mlalamikaji anatakiwa kuelezwa mapema ingawa halipendezi. Akifungua kesi rasmi, mlalamikiwa atajua jina lake. Hakuna namna ya kumhukumu mtu kwa neno la asiyejulikana.

Hatua ya 5: Barua ya tuhuma

Linganisha barua mbili. Ya kwanza: "Unaitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu siku ya Ijumaa saa 4 asubuhi kujibu tuhuma za mwenendo mbaya." Hiyo ndiyo inayotumwa mara nyingi. Anayeipokea hajui amefanya nini, kwa nani, wala lini. Atafika akiwa na hofu na majibu ya kubahatisha, na hata akipatikana na kosa, mahakama itautengua uamuzi asubuhi mapema.

Ya pili: "Umelalamikiwa kwamba usiku wa tarehe 14, kati ya saa 4 na saa 6, katika chumba namba fulani, ulimshika fulani sehemu za mwili wake baada ya yeye kukuambia uache. Likithibitishwa, tendo hilo ni kosa chini ya kifungu cha 7(b). Kwa sasa unachukuliwa kuwa huna kosa. Una haki ya kuja na msaidizi, kuona ushahidi wote, kutaja mashahidi na kukaa kimya. Usimguse, usimtafute, wala usimtume mtu kwa mlalamikaji. Kulipiza kisasi ni kosa linalojitegemea. Ukihitaji ushauri nasaha au kuahirishiwa mtihani, wasiliana na ofisa huyu."

Nakala impate na mlalamikaji, apate kujua chuo kimeelewa nini na kusahihisha kama kimeelewa vibaya.

Hatua ya 6: Kusimamishwa kabla ya uamuzi

Kusimamishwa "kwa muda" kunaweza kummalizia mtu mwaka. Mwaka 2019 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Iliridhia jinsi mwanafunzi alivyofukuzwa baada ya kusikilizwa, lakini ikasema chuo kilikosea kumsimamisha kwa miezi mitano kabla ya hapo bila kumpa nafasi ya kujieleza. Kesi moja, majibu mawili.

Kwa hiyo kanuni zidai tathmini ya mtu mmoja mmoja: kuna hatari gani, kwa nani, sasa hivi, na kwa nini hatua nyepesi hazitoshi? Uzito wa tuhuma peke yake hautoshi kuwa jibu. Dharura ikiwapo, aondolewe leo na asikilizwe ndani ya siku chache, tuseme tatu za kazi. Kila baada ya wiki mbili amri ipitiwe upya au ife yenyewe. Aliyesimamishwa apewe njia ya kufuata masomo akiwa nje.

Hatua ya 7: Uchunguzi

Anayechunguza asiamue. Katika vyuo vidogo hili huonekana anasa, lakini kesi ya nyani huwezi kumpelekea ngedere: mtu aliyetumia wiki sita kutafuta ushahidi ana maoni tayari. Kama hamna watu, azimeni wajumbe kwa chuo jirani. Kila mjumbe ajaze fomu ya mgongano wa maslahi, na pande zote zipewe majina ya wajumbe mapema wapate kupinga.

Mchunguzi atafute ushahidi wa kumtia hatiani na wa kumsafisha kwa bidii ileile. Picha za skrini zisipokelewe peke yake. Aombe mazungumzo yote kutoka kwenye simu zenyewe, kwa kuwa kilichokatwa juu na chini ndicho mara nyingi kinachobadilisha maana. Kamera za getini na bwenini ziombwe siku ileile ya malalamiko, maana mifumo mingi hujifuta yenyewe baada ya muda mfupi.

Wachunguzi wafundishwe pia kuhusu kiwewe. Mtu aliyepatwa na jambo zito anaweza kusimulia vipandevipande, kusahau mpangilio, kucheka mahali pa kulia, au kuendelea kumtumia salamu aliyemuumiza. Hivyo pengo katika simulizi lisichukuliwe haraka kuwa uongo, na mahojiano yaanze kwa "nieleze unachokumbuka" badala ya "kwa nini hukupiga kelele?" Lakini elimu hiyo ina mpaka. Mchunguzi akifundishwa kwamba kumbukumbu iliyokatika ni dalili ya ukweli, na iliyonyooka nayo ni dalili ya ukweli, basi hakuna jibu litakalomwokoa mtuhumiwa. Elimu ya kiwewe inakufundisha namna ya kuuliza, haithibitishi kilichotokea.

Ripoti ikikamilika, pande zote ziione pamoja na ushahidi, na zipewe muda wa kujibu. Kanuni za 2020 ziliweka angalau siku 10. Ni muda mzuri.

Hatua ya 8: Maswali

Hapa ndipo ugomvi wote ulipo, kwa sababu kila upande unagusa kitu cha kweli. Kesi nyingi hazina shahidi wa tatu. Jopo linaamua nani wa kuaminiwa, na maswali ndiyo kipimo pekee kilichopo. Wakati huohuo, mwathirika akijua kwamba atahojiwa na yule aliyemuumiza, ana kwa ana, hatakuja kabisa.

Tazama jinsi Marekani ilivyoyumba. Barua ya serikali ya Aprili 2011 iliwaonya vikali vyuo wasiruhusu wahusika kuhojiana wenyewe kwa wenyewe. Iliondolewa Septemba 2017. Mwaka 2018, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Michigan, mahakama ya rufaa ilisema kwamba chuo cha umma kikiwa kinaamua kati ya maneno ya wawili, mtuhumiwa au mwakilishi wake lazima apate nafasi ya kumhoji mlalamikaji na mashahidi. Mahakama ile iliyoamua kesi ya Amherst mwaka uliofuata ilisema si lazima: jopo lenyewe likihoji kwa kina, haki imetendeka. Kanuni za 2020 zikadai kikao cha moja kwa moja chenye maswali ya dodoso, yaani ya kupima maneno ya upande wa pili, yaulizwe na mshauri wa kila upande na kamwe si na mhusika mwenyewe, na mwenyekiti apitishe kila swali kabla halijajibiwa. Kanuni za 2024 zikaondoa ulazima huo. Januari 2025 mahakama ya shirikisho Kentucky ikazifuta zote, na vyuo vikarudi kwenye zile za 2020.

Mahali ambapo sheria inakuachia nafasi ya kuchagua, napendekeza hivi. Kikao kiwe cha moja kwa moja, wahusika wakae vyumba viwili na kuonana kwa video. Kila upande ulete maswali kwa maandishi, mwenyekiti ayaulize, kisha upande huo upewe dakika chache kuandika maswali ya nyongeza kutokana na majibu. Hayo ya nyongeza ndiyo roho ya utaratibu wote. Chuo kinachopokea maswali siku tatu kabla na kuishia hapo kimempa mtuhumiwa sherehe tu.

Inavyokuwa chumbani ni hivi. Mlalamikiwa ameleta maswali matatu. La kwanza: "Kama hukutaka, kwa nini ulikuja chumbani kwangu saa 5 usiku?" Hapo swali na shutuma vimechanganyika. Mwenyekiti analitoa shutuma: "Tueleze ulifikaje chumbani, na mlizungumza nini kabla ya kufika." La pili: "Saa 7 usiku ulimwandikia rafiki yako kwamba upo sawa na usiku ulikuwa mzuri. Ulimaanisha nini?" Hilo linaulizwa kama lilivyo, ujumbe ukiwa mbele yake, ingawa linauma. Linahusu usiku wenyewe, na anayo haki ya kupata jibu. La tatu: "Umeshakuwa na wapenzi wangapi?" Linakataliwa, na sababu inaandikwa kwenye kumbukumbu.

Kuhusu hilo la tatu, kanuni zikataze maswali ya historia ya mapenzi ya mlalamikaji isipokuwa kwa mambo mawili: kuonyesha kwamba mtendaji alikuwa mtu mwingine, au, kwa tahadhari, jinsi wawili hao walivyozoea kuonyeshana ridhaa.

Mtu akikataa kujibu je? Kanuni za 2020 zilisema maneno ya asiyekubali kuhojiwa kikaoni yasitumike kabisa. Kwa mpango huo hata ujumbe wa simu ambao mtuhumiwa alikiri kosa ungewekwa kando iwapo hakufika. Mahakama ya shirikisho Massachusetts ilikifuta kipengele hicho Julai 2021. Bora kuandika kwamba jopo linaweza kuyapunguzia uzito maneno ambayo hayakupimwa kwa maswali, na kwamba ukimya wa mtuhumiwa peke yake si uthibitisho, hasa akiwa na kesi polisi.

Hatua ya 9: Kiwango cha uthibitisho

Machaguo ni matatu. Uwezekano mkubwa zaidi: ushahidi ukionyesha inaelekea zaidi kuwa kweli kuliko uongo, imetosha. Ushahidi ulio wazi na wa kushawishi: juu kidogo. Pasipo shaka: kiwango cha mahakama ya jinai, kisichofaa chuoni, kwa kuwa chuo hakimfungi mtu na hakina nguvu za polisi za kutafuta ushahidi.

Nachagua cha kwanza, kwa sharti. Kama chuo chako kimetenganisha mchunguzi na mwamuzi, kinaonyesha ushahidi, kinaruhusu maswali na kina rufaa, kiwango hicho kinafaa. Ndicho kinachotumika katika kesi za madai. Kama hakina hayo, usikichukue, maana utakuwa unafukuza watu kwa hisia zilizozidi nusu. Na kiwango kiwe kimoja kwa wanafunzi na wafanyakazi. Sioni sababu ya mhadhiri kukingwa kuliko mwanafunzi wake.

Hatua ya 10: Uamuzi, adhabu, rufaa

Uamuzi uwe wa maandishi: mambo yaliyothibitishwa, yasiyothibitishwa, na kwa nini jopo lilimwamini huyu kuliko yule. "Kutothibitika" kusiandikwe kama "mlalamikaji amedanganya." Ni vitu viwili tofauti, na kosa la kusingizia lihitaji kesi yake na ushahidi wake. Adhabu ziwe na viwango, matendo mazito yakiwa na kiwango cha chini. Rufaa iwe wazi kwa pande zote mbili, kwa sababu tatu: utaratibu ulivunjwa, kuna ushahidi mpya, au mwamuzi alikuwa na upande. Aisikilize mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 11: Suluhu nje ya kesi

Baadhi ya walalamikaji wanataka tu mtu akiri, aombe radhi na akae mbali. Ruhusu, ila wote wawili wakubali kwa maandishi, kila mmoja aweze kujitoa kabla ya kukamilika, na yaliyosemwa humo yasitumike kwenye kesi baadaye. Usiruhusu kabisa pale mfanyakazi anapolalamikiwa na mwanafunzi, nguvu hazilingani. Wala makubaliano yasimfunge mtu mdomo. Nchini Uingereza, masharti ya mdhibiti wa vyuo vikuu yanakataza mikataba ya kumnyamazisha aliyelalamika. Vikao vya wazazi kumalizana kwa fedha, chuo kisivihudhurie.

Hatua ya 12: Polisi wakiwepo

Uingereza ilijifunza hili kwa gharama. Mwongozo wa 1994 uliwaambia vyuo vikuu wasichunguze tuhuma nzito zinazoweza kuwa jinai iwapo hazijafika polisi. Waathirika waliokataa kwenda polisi wakabaki bila kitu, hadi mwongozo mwingine ulipochukua nafasi yake mwaka 2016. Chuo hakiamui kama mtu ametenda jinai. Kinaamua kama amevunja kanuni zake. Polisi wakiomba chuo kisubiri wakikusanya ushahidi, kisubiri kwa siku chache zenye mwisho, na hatua za msaada zisisimame hata siku moja.

Hatua ya 13: Ijaribu rasimu kabla ya kuipitisha

Tungeni kisa na mkipitishe kwenye rasimu kuanzia ripoti hadi rufaa, na saa mkononi. Muda wote ukizidi siku 90, tafuteni unakwama wapi; kuchelewa kunawaumiza wote wawili. Kisha rudieni kisa hichohicho mkibadilisha jinsia za wahusika, halafu mlalamikiwa awe mhadhiri anayeleta fedha za utafiti, halafu awe mwanafunzi maskini asiye na mtu wa kumsemea. Jibu likibadilika, kuna kifungu kinachoacha mwanya.

Kila mwaka tangazeni idadi za ripoti, za kesi, za matokeo na muda uliotumika. Idadi zilizo chini ya tano ziunganishwe ili mtu asitambulike.

Msisahau kifungu cha mpito. Kanuni za Marekani zilipobadilika, kesi zilizokuwa katikati ziligombaniwa: zifuate za zamani au mpya? Andikeni mapema kwamba tendo litapimwa kwa tafsiri ya kosa iliyokuwapo siku lilipotendeka, na utaratibu utakuwa ule uliokuwapo siku malalamiko yalipowasilishwa, hadi kesi hiyo na rufaa yake viishe.